Kabla hujachagua fonti ya darasa, tazama kwanza herufi a

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa darasa la awali anayefuatilia makala zangu. "Shikamoo Madam. Mahafali ya watoto yamekaribia, nataka kutengeneza mataji ya karatasi, kadi za majina na chati mpya za ukutani. Naomba unitajie fonti moja nzuri, iliyochangamka, kama imeandikwa kwa mkono." Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikalale. Nikashindwa, maana hiyo "nzuri, iliyochangamka" ndiyo iliyoniponza mimi, na hadi leo nikikumbuka moyo unauma.

Miaka mitatu iliyopita nilikabidhiwa darasa la awali lenye kuta tupu. Nikasema hili darasa nitalipamba mpaka watoto wakatae kurudi nyumbani. Nikapakua fonti moja ya bure kwenye intaneti, imechorwa kwa mkono, nukta ya i ni kimoyo, herufi zinarukaruka juu na chini kama watoto wakati wa mapumziko. Nikatengeneza chati ya familia, chati ya wanyama, kadi za silabi. Nikaprinti kwa rangi, nikalaminesha, yote kwa hela ya mfukoni mwangu. Nilibandika kuta zote nne Jumapili mchana, na nilipomaliza nilisimama mlangoni nikaona fahari.

Kikao cha wazazi kilifanyika humo humo darasani. Mwalimu mkuu akamwita mtoto mmoja asome chati ya familia. Binti huyu ubaoni alikuwa hashikiki, anasoma kuliko wenzake wote. Akashika rula, akagusa neno la kwanza, "baba". Akasoma: "Bo-bo." Kimya. Akashuka kwenye "kaka": "Ko-ko." Mzazi mmoja nyuma akacheka kwa sauti. Mtoto akaacha kutazama chati, akanitazama mimi, machozi yamemlengalenga. Na mwalimu mkuu, mbele ya wazazi wote, akaniuliza, "Mwalimu, hapa tunafundisha au tunapamba?"

Sikujibu. Jioni nilibaki peke yangu, nikachuchumaa pale anapokaa mtoto wa mkeka wa nyuma kabisa, nikaitazama chati kwa macho yake. Ile a kijiti chake cha pembeni kilikuwa kifupi kama punje ya mchele. Kwa mbali ilikuwa o tupu. Mtoto alisoma kile nilichomwandikia.

Wenzangu wa awali na la kwanza mnajua tunavyofundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto anaumba a hewani kwa kidole, kisha mchangani, kisha kwenye daftari: duara, kijiti. Hiyo ndiyo a anayoijua, hana nyingine. Ukimwekea ukutani a ya vitabuni yenye kofia juu, kama ya Times New Roman au Calibri, umemletea mgeni. Ukimwekea a yenye mkia wa mapambo, umemletea mgeni mwingine. Fonti ya watoto icheze pembeni, iwe na mstari mnene unaoyumba kidogo kama makapeni, lakini mifupa ya herufi iwe ileile anayoichora yeye.

Kwa hiyo sasa, kabla sijaipenda fonti yoyote, naiandikia sentensi hii: "Dada Lulu wa Ilala ana ng'ombe, bata na jogoo." Naprinti, nabandika ukutani, narudi nyuma hatua nane. Natazama a na o. Natazama Ilala, kwa sababu kwenye fonti nyingi I kubwa na l ndogo ni fimbo mbili zisizo na tofauti, na mtoto hajui aanzie wapi. Natazama b na d, maana kuna fonti ambazo d ni b iliyogeuzwa tu, na watoto wetu tayari wanazichanganya bila msaada wa mtu. Halafu ng'ombe.

Ng'ombe alinitoa jasho. Fonti nyingi za bure zimechorwa herufi A hadi Z, basi, alama nyingine hazimo. Ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', ikikosekana, unapata kiboksi katikati ya neno, au programu inaazima alama ya fonti nyingine isiyofanana na wenzake. Wakati mwingine ritifaa iliyonyooka imo, ila Word inaibadilisha yenyewe kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo. Chati yangu ya wanyama ilikuwa na kiboksi hicho na sikukiona mpaka imeshalamineshwa. Kwa Mwingereza ritifaa ni kitu kidogo. Kwetu ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma, na mtoto anatakiwa aijue mapema.

Turudi kwenye swali. Kwa chati na kadi za kusomea mimi natumia Andika. Jina lake ni Kiswahili kabisa, na imetengenezwa na shirika la lugha la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Haina mbwembwe, mbwembwe naziweka kwenye picha. Comic Sans nayo naitumia bila kuona haya, hata wabunifu wakiidharau. Vincent Connare wa Microsoft aliichora mwaka 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye kompyuta akizungumza kwa Times New Roman. Hadi leo a yake ni duara na kijiti, na I yake kubwa ina vifuniko juu na chini, hivyo Ilala inasomeka.

Kwa kadi za mahafali na barua za wazazi, Patrick Hand, iliyotokana na mwandiko wa mchoraji mwenyewe. Kwa herufi kubwa za kukata na mkasi, Fredoka, maana ni nene na ya mviringo, kidole cha mtoto wa miaka mitano kinaimudu. Amatic SC ni nyembamba na ina herufi kubwa tu, iache kwenye kichwa cha bango. Zote tatu zipo bure kwenye tovuti ya Google Fonts, na leseni yake inaruhusu hata ukiuza kadi zako. Fonti iliyoandikwa "kwa matumizi binafsi" usiiuzie kitu. Mtu ameumiza macho kuichora, kama wewe unavyoumia na chati zako.

Walimu wenzangu, tusichague fonti kwa ajili ya picha ya kurusha status. Anayeisoma kila asubuhi yuko kwenye mkeka, na hawezi kukuambia kwamba herufi yako ndiyo mbaya. Ataona ni yeye mjinga. Binti yangu yule alikaa wiki mbili hanyooshi mkono.

Mataji, mpendwa, andika majina kwa herufi kubwa mwanzoni tu, zinazofuata ziwe ndogo, kama wanavyoandika kwenye madaftari yao. Na hifadhi kazi yako kwa PDF kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kompyuta ya steshenari haina fonti uliyoipakua na itakubadilishia yote ukiwa umeshalipia.