Msanii asiyekula ugali: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu wasanii wa kidijitali, wale wasio na mwili, basi meseji hazijakatika tangu hapo. Nachukua nne.

*"Mwanangu, huyo Miku wa Wajapani ni mtu au katuni? Mjukuu anasema anajaza ukumbi." (Mama wa migebuka, Kibirizi)*

Shikamoo mama. Ni katuni, ila sauti ina mwenyewe. Hatsune Miku alianza kama programu ya kompyuta, kampuni ya Crypton ya Sapporo iliitoa Agosti 2007, unaandika maneno na noti af yenyewe inaimba, na sauti ilirekodiwa vipande vipande kwa dada mmoja muigizaji wa katuni, Saki Fujita. Utamu uko hapa: nyimbo zake nyingi mno zimetungwa na mashabiki tu majumbani kwao. 2014 akamfungulia Lady Gaga shoo Marekani. Ukumbi anajaza kweli, mjukuu hajakudanganya, na bendi inayompigia ni watu kabisa, wanatoka jasho.

*"Wanampandishaje stejini mtu ambaye hayupo?" (Fundi redio, Mwanga)*

Fundi, hii utaielewa kuliko mimi. Tupac, yule rapa marehemu, "alipofufuka" kwenye tamasha la Coachella Marekani 2012 kila mtu akasema hologramu, yaani picha ya mwanga inayoelea hewani, kumbe ni ujanja wa kuakisi picha ambao majukwaa ya maigizo Uingereza walikuwa nao tangu karne ya 19. Ile shoo ya bendi ya zamani ya ABBA pale London, tangu Mei 2022, ni skrini kubwa ya LED, wazee wenyewe walivaa nguo za vitambuzi wakaimba wiki 5 mbele ya kamera, kisha kompyuta ikawavalisha sura zao za 1979. Coachella 2024 Miku kaletwa kwenye skrini ya kawaida tu, mashabiki wakanuna. Si wamelipa kiingilio? Mtu akilipa anataka adanganywe vizuri. Huku kwetu Kigoma, mwisho wa reli, umeme ukizingua tu, msanii katoweka na hela yako.

*"Bro nachipukia, naimba na kuchana. Hawa si watatumaliza?" (Kijana, Gungu)*

Mdogo wangu, kwanza usiwachanganye. Kuna wenye mtu nyuma ya pazia, bendi ya Gorillaz wako hivyo tangu 1998, katuni mbele na Damon Albarn anaimba nyuma, na kundi la PLAVE wa Korea waliotoka 2023 pia ni vijana wa kweli waliojificha kwenye michoro. Halafu kuna wanaouzwa kama wa akili mnemba, na hapo ndo pa kufungua macho. Agosti 2022 Capitol Records walimsaini rapa wa kidijitali FN Meka, siku chache tu wakamtema maana watu walisema anawadhalilisha weusi, na rapa mmoja halisi akajitokeza akasema sauti za mwanzo zilikuwa zake na hakulipwa kitu. Umeona? Katuni haijamuumiza mtu, walioishika ndo wana maswali ya kujibu. Kwahiyo siku jamaa wa studio akikwambia "nipe sauti yako saa mbili tu nifundishie mashine", omba karatasi, isome, ujue anaitumia wapi na mpaka lini. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila ukishasaini umegawa sauti yako, kuirudisha ni shughuli. Kuhusu kazi za kuimba harusini usiwaze, hizo hawazichukui, bibi harusi anataka shangazi zake watajwe majina na msanii atunzwe, utaibandika noti kwenye skrini?

*"Tutengeneze wetu wa Kiha?" (Mwalimu, Kasulu)*

Kuchora sio tatizo. Tatizo kuimba, mwalimu unajua Kiha ukipandisha sauti pasipo umesema kitu kingine kabisa. Mimi ningeweka mtu wa hukohuko aimbe nyuma ya katuni. Nawajua watatu, studio hawana hata mmoja, tena wote wanataka kulipwa kabla ya kurekodi.