Mkuu, hilo jedwali la nyota usilibandike

Salamu baadaye. Kama gundi umeshaipaka, ifute kwanza ndipo uendelee kusoma.

Bandiko lako nimelisoma mara mbili. Umekabidhiwa maktaba ya sekondari, wanafunzi wanaingia humo kulala na kupiga soga, nawe unataka wasome kwa raha zao, si kwa mtihani. Umeuliza rafu zipangwe vipi, simu ziruhusiwe au la, na kama vitabu vya katuni navyo ni kusoma. Sawa. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kuaga mlangoni, ukadokeza kwamba umeshaandaa shindano: kila kitabu pointi kumi, muhtasari wa ukurasa mmoja uwe ushahidi, jedwali la nyota ukutani, na washindi watatu wapewe zawadi mbele ya shule nzima.

Shindano hilo nimelifanya mimi. Hata pointi zilikuwa hizohizo kumi kumi, ungedhani tumenakiliana.

Mwezi wa kwanza utafurahi, nakuonya mapema. Foleni yangu ilifika nje ya mlango. Daftari la kuazima lilijaa nikafungua la pili, na kidau cha wino wa muhuri wa tarehe kikakauka. Mkuu wa shule alikuja na wageni akawaonyesha jedwali kana kwamba amelichora yeye. Mimi nyuma yao nimetulia kama bwana harusi.

Kisha nikaanza kusahihisha ile mihtasari. Mmoja ulinivutia sana: "simulizi itakayokufanya ushindwe kukiweka kitabu chini." Nikasema huyu kijana ana kalamu. Wa pili ukaja na sentensi ileile. Wa tatu nao hivyohivyo. Nikaamka, nikaenda rafuni, nikageuza kitabu nyuma. Jaladani pale, neno kwa neno. Niliwapa wote watatu alama za juu kabla sijagundua, kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa tuendelee.

Wajanja zaidi walikuwa na mwandishi wao. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa anawaandikia wenzake mihtasari kwa malipo, na ili asigundulike alikuwa anavisoma vitabu kweli, kimoja baada ya kingine. Nadhani ndiye mtu pekee aliyesoma kwa bidii muhula ule, na kwenye jedwali hakuwa na nyota hata moja.

Lakini hao siwahesabu kama hasara. Hawakuwa wasomaji, wakadanganya, wakabaki si wasomaji. Ngoma droo. Hasara yangu ni binti mmoja.

Huyu alikuwa msomaji kabla yangu na kabla ya jedwali. Kila mapumziko ungemkuta nyuma ya rafu ya kamusi na atlasi, amevua viatu, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Ukimwita haitiki, si kwa utovu wa adabu, hayupo tu. Wakati shindano linaanza alikuwa katikati ya riwaya nene, kurasa mia sita na ushee. Siku moja akaja mezani kwangu nacho, akauliza, "Mwalimu, hiki nacho ni pointi kumi tu?"

Hapo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba kanuni ni moja kwa wote, kitabu ni kitabu. Akakirudisha. Akaenda rafu ya hadithi za darasa la nne akachukua sita nyembamba kwa mpigo. Nikampigia muhuri sita, tena nikamsifu!

Alishika nafasi ya pili. Alipigiwa makofi, akapigwa picha. Muhula uliofuata shindano halikuwepo, naye hakuja tena. Nilimkuta siku moja veranda ya darasa lao, nikamuuliza mbona maktaba umetususa. Akaniambia kwa upole, "Si mliacha kutoa zawadi, mwalimu?" Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililonikata maini. Aliamini kabisa kwamba miaka yote ile alikuwa anasoma ili apewe kitu, na mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Sasa niruhusu nimseme aliyeniingiza mkenge. Ilikuwa semina ya siku mbili, mwezeshaji suti nzuri na slaidi nyingi. Alianza kwa kututisha, na takwimu aliyotumia ilikuwa ya kweli: katika PISA, ule upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, mwaka 2009, asilimia 37 ya wanafunzi wa miaka 15 katika nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, walisema hawasomi kabisa kwa kujifurahisha. Ugonjwa aliutaja sawasawa. Dawa aliyotuandikia ndiyo ikawa pointi, nyota, ushindani, "vijana wanapenda kushindana." Tukaandika wote kama makarani.

Kitu ambacho hakukitaja kilikuwa kimeshajulikana siku nyingi. Katika utafiti wao wa mwaka 1973, wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili wakachora, kisha wakashtukizwa na cheti hichohicho. La tatu hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilirudishwa darasani, bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walizishika kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao.

Angalia vizuri hapo. Walioshtukizwa hawakudhurika, kwa hiyo shida haikuwa cheti chenyewe, ilikuwa ahadi ya kabla. Na waliofanyiwa jaribio hawakuwa watoto wavivu, walikuwa wapenzi wa kuchora. Yaani ni yule binti wangu, ila wao wana kalamu. Mtu analipwa kutoa semina halafu hili halijui? Au analijua akaona halifai kwenye slaidi? Nimeshajiuliza usiku wa saa nane, usinichokoze.

Kanuni yangu ni moja, na hapa sitaki mjadala: usimdai mwanafunzi ushahidi kwamba amesoma. Muhtasari usiutake, wala maswali matano ya kujibu, wala sahihi ya mzazi. Hata lile swali la upole, "umejifunza nini?", limeze. Wewe ukimaliza riwaya nzuri kitandani, kuna mtu anakusubiri sebuleni na karatasi ya maswali?

Ukishaikubali hiyo, mengine yanajipanga. Kwa mfano lazima umruhusu mtu arudishe kitabu alichokiacha ukurasa wa ishirini, na usimtolee macho. Kwangu nimeweka boksi mlangoni, kitabu kilichokushinda tumbukiza humo. Ajabu ni kwamba boksi hilo ndilo linaloazimwa kuliko rafu yoyote, maana kila mmoja anataka kuona kimemshinda nani na kwa nini. Ukikuta wanabishana kuhusu kitabu kibovu, waache, hiyo ni kazi yako inafanyika bila wewe. Na katuni, ndiyo, ni kusoma, wala usianzishe kesi.

Dakika kumi na tano za kusoma kimya pia zinafaa, ila na mwalimu wa zamu asome chake, si kusahihisha madaftari. Tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyekuwa anasoma riwaya za upelelezi huku anaguna peke yake. Wiki ya pili wanafunzi wakaanza kuulizia "kile cha mwalimu". Hakuna bango la hamasa lililowahi kunifanyia hivyo.

Najua utakachosema: mkuu wa shule anataka ripoti. Mpe. Daftari la kuazima unalo, hesabu vitabu vilivyotoka mwezi huu, hesabu wangapi wamerudi kuchukua cha pili bila kuitwa. Hiyo ya pili ndiyo namba ya kuringia. Ila iishie mezani kwa mkuu, majina yasipande ukutani.

Ile riwaya nene bado ninayo rafuni. Ndani, ukurasa wa 318, kuna kipande cha karatasi yenye mistari alichokiweka kama alama. Wasomaji wengine huwa wanakihamisha wakifika hapo, nami kitabu kikirudi nakirudisha 318. Yeye alishamaliza shule zamani, kwa hiyo sijui namtunzia nani.

Kama jedwali lako umeshalichapisha usilitupe, ni karatasi kubwa nzuri. Ligeuze upande wa pili, andika vitabu vipya vilivyoingia wiki hii.