Kushukuru ukiwa katikati ya matibabu ya saratani ya titi: kinachosaidia na kinachokwamisha

Dada uliyeuliza, pole sana. Umesema uko katikati ya kemo (tibakemikali), kila anayekuja kukuona anakuhimiza ushukuru na utafute ugonjwa umekufunza nini, nawe ukijaribu unaishia kukasirika. Ukauliza kama una kasoro. Huna. Shukrani haiji kwa kuamrishwa, na wanaokuambia ujikaze kisabuni wanakutwisha mzigo juu ya mzigo. Haijathibitishwa kwamba mawazo mazuri yanapunguza uvimbe au kuzuia saratani isirudi, kwa hiyo siku ukilia hujajidhuru.

Kukua kwa mtu kupitia shida ni jambo la kweli. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha mwaka 1996 dodoso la vipengele 21 vya kulipima. Linaangalia pande tano: ukaribu na watu, njia mpya za maisha, nguvu ambazo mtu hakujua anazo, imani, na kuthamini uhai. Wanachosisitiza ni kwamba mabadiliko hayo huletwa na jitihada ya mtu kuyapanga upya maisha yaliyotikiswa. Ugonjwa wenyewe haumpi mtu kitu. Tena huzuni na kukua hukaa ndani ya mtu mmoja, siku moja. Ndiyo maana sikubali mgonjwa aambiwe aishukuru saratani. Washukuru watu, ushukuru mwili unaovumilia, umshukuru Mungu kama unaamini. Ugonjwa huudai chochote, wala haukudai.

Anza kwa kutoa machungu. Njia iliyochunguzwa sana ni ya mwanasaikolojia James Pennebaker: unaandika dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, kuhusu jambo linalokuchoma zaidi. Andika kilichotokea na ulivyojisikia, bila kujali tahajia wala mpangilio. Hakuna atakayesoma, na ukitaka unachana. Baada ya kuandika ni kawaida kujisikia mzito kwa saa moja au mbili, kwa hiyo usifanye muda mfupi kabla ya kulala. Ukiona jambo fulani linakuzidi nguvu, liache, uchukue jingine.

Baada ya hapo ndipo daftari la shukrani linafaa. Katika moja ya majaribio ya wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough yaliyochapishwa mwaka 2003, watu waliandika mara moja kwa wiki, mambo yasiyozidi matano, kwa wiki kumi. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu aliye kwenye dripu. Ukijilazimisha kila siku, haraka sana utakuwa unarudia maneno yaleyale matatu, "familia, uzima, Mungu", na moyo hauguswi. Andika kwa undani: nani, alifanya nini, alijinyima nini, nawe ulipata nafuu gani. "Naishukuru familia yangu" haikupeleki mbali. "Mdogo wangu alinishikia beseni nikitapika, hakugeuza uso, akaniosha mdomo" hiyo inakaa, na ukiisoma siku mbaya unamwona tena amesimama pale. Mambo mawili ya namna hiyo yanazidi matano ya juujuu.

Jihadhari na shukrani ya kujilinganisha, ile ya "afadhali mimi kuliko fulani". Inapoza kwa muda, halafu siku majibu yako yakiwa mabaya kuliko yake inakugeuka.

Kingine ni muda. Kama kemo yako ni ya kila wiki tatu, huenda unapewa deksamethasoni ya kuzuia kichefuchefu au mzio. Hiyo dawa inaweza kukukosesha usingizi, na ikiisha hali ya moyo inaweza kushuka ghafla. Watu wengi hujilaumu siku hizo kwa kukosa shukrani, kumbe ni dawa. Usijipime wakati huo. Lifungue daftari wiki ya tatu, nguvu zinaporudi kidogo. Kama paklitakseli, mojawapo ya dawa za kemo, imekutia ganzi vidoleni, rekodi sauti kwenye simu, na utaje tarehe, kwa sababu kemo husahaulisha.

Upande wa watu ndio naona una faida kubwa kuliko yote, ila unahitaji kuomba kwa kutaja jambo. Mtu akisema "ukihitaji chochote niambie", mpe kazi: "Jumanne nipeleke hospitali, ukae nami mpaka dripu iishe." Baadaye mwambie alikusaidia wapi hasa. Shukrani inayotamkwa mbele ya mhusika hufunga undugu. Ya daftarini peke yake haifiki huko.

Jiandae pia kwa kipindi cha baada ya matibabu. Wengi hutarajia furaha, badala yake hofu inapanda kwa kuwa zile ziara za mara kwa mara zimekoma, na inapanda zaidi siku za karibu na vipimo. Wiki hizo weka miadi ya kuonana na mtu unayemwamini, na kama daktari ameridhia, tembea kwa miguu. Mazoezi mepesi hupunguza uchovu kuliko kulala kutwa.

Mwisho, daftari si tiba ya sonona. Ukikaa wiki mbili huna hamu ya kitu, usingizi umevurugika na unajiona huna thamani, mwambie daktari; ukiwaza kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali. Na kama unatumia tamoksifeni, dawa ya homoni ya saratani ya titi, mkumbushe daktari kabla hajakuandikia dawa ya sonona: paroksetini na fluoksetini huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa katika hali inayofanya kazi. Zipo nyingine zisizoigusa sana, kwa hiyo nenda na orodha ya dawa zako zote.