Dalali hakuonyeshi nyumba saa kumi na moja alfajiri

Chumba changu cha kwanza Dar es Salaam nilionyeshwa Jumamosi, saa nane mchana, mwezi wa kwanza mwaka 2017. Jua linawaka, njia kavu, mtaa umetulia, watoto wanapiga danadana uani. Dalali akafungua bomba, maji yakatoka. Akabonyeza swichi, taa ikawaka. "Mkuu, kuna watu watatu wananipigia kwa chumba hiki hiki," akasema. Nikalipa kodi ya miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali, nikapanda basi kurudi nyumbani Mafinga, Iringa, kufungasha vyombo, najiona mjanja.

Jumatatu ya kwanza ya kazi nilifika kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Gari nililipata saa mbili kasoro, nikiwa nimesimama mguu mmoja.

Leo hii nimeshahama mara tatu, niko nyumba ya nne. Watu wa nyumbani wakihamishiwa Dar hunipigia: "Eti mtaa gani mzuri?" Swali hilo siku hizi silijibu. Na mimi namwuliza: kazini kwako ni wapi, na unaingia saa ngapi? Maana mji huu (sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728) umekaa kama kiganja. Barabara ya Bagamoyo kidole kimoja, Morogoro kingine, Nyerere ya kwenda Pugu kingine, Kilwa ya kwenda Mbagala kingine, halafu Mandela, ikiungana na Sam Nujoma, inazikata kwa pembeni. Ukilala kidole kimoja na kazi ikawa kidole kingine, kila siku asubuhi lazima upite kiganjani, na huko ndiko wanakokutana watu wote.

Kosa langu mimi lilikuwa la kijinga zaidi ya hapo. Ofisi yetu ilikuwa Mikocheni. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa simu, "Tafuta Mbezi, ni karibu." Nikamwambia dalali nataka Mbezi, naye akanipa Mbezi. Hakunidanganya hata kidogo. Ila Mbezi ziko mbili: Mbezi Beach, iliyoko Barabara ya Bagamoyo, jirani kweli na Mikocheni, na Mbezi Louis, ile ya mbele ya Kimara, Barabara ya Morogoro. Mimi nilikuwa nimelipia ya pili. Siku hizi mtu anakatiza Goba na kutokea Tangi Bovu, lakini sisi tulikuwa tunazungukia Ubungo, na wakati huo Ubungo haikuwa na daraja la juu. Lilikuja kufunguliwa 2021, mimi nikiwa nimeshahama.

Kwa hiyo usimtajie dalali jina la eneo, mtajie kituo. Kimara siyo moja: kuna Baruti, Bucha, Korogwe, Mwisho, Stop Over, Suka, Temboni. Anayekaa Kimara Mwisho anapanda mwendokasi (yale mabasi yenye njia yao) pale inapoanzia, anakaa kwenye kiti. Wa mbele yake mara nyingi anaanza na gari jingine kwanza. Tabata vilevile: Bima, Relini, Shule, Kimanga, Segerea, Kisukuru. Mtu akisema "nakaa Tabata" hajakwambia kitu.

Ukishajua kituo, nenda ukasimame hapo siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi. Usimuulize mtu, tazama tu. Tazama kama watu wanapanda kwa mlango au wanarusha mikoba dirishani kuwahi siti. Tazama kama kuna wanaovuka barabara kwenda upande wa pili, wanapanda gari linalokuja mwisho wa safari ili wageuze nalo. Ukiona wanaogeuza ni wengi, ujue kituo hicho magari yanapita yameshajaa, na wewe utalipa nauli mbili kila asubuhi kwa safari ya mtu mmoja. Mimi niligeuza miezi sita. Konda mmoja alikuwa ananiita "mzee wa kugeuza" na hata chenji yangu alikuwa ananiwekea.

Halafu kuna neno "dakika tano kutoka stendi". Uliza: dakika tano za miguu au za boda? Chumba changu kilikuwa elfu themanini kwa mwezi, na vya karibu na stendi vilikuwa laki na ishirini. Nikaona nimeokoa elfu arobaini. Boda buku kwenda, buku kurudi, siku ishirini na sita za kazi: elfu hamsini na mbili. Yaani nilikuwa nalipa laki na thelathini na mbili ili nikae mbali. Na hapo sijahesabu usiku, boda anapokutazama kwanza viatu ndipo akutajie bei, wala siku za mvua ambazo haendi kabisa kwa sababu kilima kinateleza.

Mvua nayo nilikuja kuielewa nyumba ya pili. Baada ya Mbezi nilisema liwalo na liwe, nataka kutembea kwa miguu hadi kazini. Nikapata chumba Msasani, Bonde la Mpunga. Naomba ulisome jina hilo tena polepole. Mpunga kwa kawaida haulimwi kilimani. Mimi mtoto wa Mafinga, ninayejua kabisa bonde ni nini, nikalipa kodi mwezi wa nane, ardhi imekauka, bila kujiuliza mpunga ulikuwa unapata wapi maji.

Mvua zilipokuja maji hayakupita mlangoni, yalitokea sakafuni, kwenye kona ya choo. Usiku ule ndipo nilipoona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza. Kizingiti cha mlango wa jirani kilikuwa kimeinuliwa kwa tofali mbili, nikadhani ni urembo. Ukuta wa nje ulikuwa na rangi mpya, lakini chini tu, mpaka usawa wa goti. Vitanda vyote vya nyumba ile vilikuwa vimepandishwa juu ya matofali, na friji la mama mwenye nyumba lilikaa juu ya meza kama televisheni. Mpangaji mzoefu angevisoma vitu hivyo ndani ya dakika moja. Sasa mimi nikiingia nyumba ya mtu naangalia chini kabla sijaangalia dari. Natafuta mstari wa maji ukutani, plasta inayomomonyoka, viroba vya mchanga vilivyorundikwa nyuma ya nyumba.

Jambo jingine la mabondeni hakuna dalali atakayekutajia: kutapisha vyoo. Gari la majitaka haliingii kwenye vichochoro, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha kuna watu wanatoboa shimo lao ili uchafu uondoke na maji. Uondoke kwenda wapi? Kwako, kama uko chini yao. Uliza swali moja tu: choo kikijaa hapa, gari linafika? Anayejibu kwa kucheka ameshajibu.

Kama unaweza, tafuta nyumba wakati wa masika, kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Ni usumbufu, utachafuka, dalali atakulalamikia. Lakini nyumba inayokaa vizuri mwezi wa nne itakaa vizuri mwaka mzima.

Maji ya kunywa sitayasemea sana. Onja. Nenda kwa jirani, omba kikombe cha maji ya bomba au ya kisima, unawe mikono kwa sabuni. Sabuni ikigoma kutoa povu, hayo ni ya chumvi, na visima vya Dar vingi ni hivyo, hasa karibu na bahari. Utakuwa unanunua madumu ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa ajili ya chai na kufulia nguo nyeupe, na hiyo ni kodi nyingine. Na hata penye bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, angalia kama nyumba ina simtanki. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua, mji mzima uliingia kwenye mgao, na wenye matenki ndio waliokuwa wanalala usingizi.

Nyumba ya tatu ilikuwa Sinza, na hapo sikuwa na tatizo la gari wala la mvua. Tatizo lilikuwa watu. Tulikuwa wapangaji watano kwenye mita moja ya umeme. Kila Jumapili jioni mama mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango na daftari la mistari, kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Mwenye taa na simu tu, elfu tano. Mwenye televisheni, saba. Mwenye friji, kumi. Kijana wa chumba cha mwisho alikuwa anapiga pasi usiku wa manane ili asionekane, na sote tulikuwa tunajua, kwa sababu taa zilikuwa zinafifia. Kinachowapita wengi ni kwamba mita ya kushea ina hasara hata mkielewana. Mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwekwa kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti, kabla ya makato. Wanaozidi wanalipa 292. Vyumba vitano kwenye mita moja haviwezi kukaa chini ya 75 hata mkilala gizani. Kwa hiyo chumba cha elfu kumi zaidi chenye luku yake (mita yake ya kununua umeme kabla ya kutumia) mara nyingi ndicho rahisi.

Hapo hapo Sinza nilijifunza habari ya urithi. Mama yule alifariki tukiwa bado tunakaa. Kodi iliyofuata tulimlipa mwanawe mkubwa, ya mwaka mzima, kwa sababu aliomba kwa upole na tulikuwa tunamjua. Miezi minne baadaye wakaja dada zake wawili, wameongozana na mume wa mmoja wao. "Samahanini ndugu zangu," yule shemeji akasema, bado amesimama mlangoni, "nyinyi hapa mmemlipa nani?" Sitaisimulia yote. Nilipata kodi ya miezi miwili kati ya minane iliyobaki, nikahama.

Siku hizi silipi mpaka nifike ofisi ya serikali ya mtaa. Siendi kama mpelelezi. Naamkia, najitambulisha, nasema nataka kupanga nyumba ya fulani, je, mwenyewe ndiye huyu? Mwenyekiti au mjumbe wa shina anajua nyumba zenye kesi, anajua nyumba ambayo wapangaji hawamalizi mwaka, na mara nyingi atakwambia hata kabla hujauliza. Kingine kinachofichwa na rangi mpya ni alama ya X, inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa. Mwaka ule wa 2017 nikiwa Mbezi niliona bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zikishushwa. Mpangaji wa duka pembeni yetu alikuwa amelipa kodi wiki tatu nyuma. Kwenye ile X walikuwa wamembandikia bango la soda.

Madalali nisiwaseme vibaya tu. Wa kwangu wa Goba, ninakokaa sasa, alinitembeza siku nne, na nyumba ya pili aliniambia mwenyewe, "Kaka, hii usichukue, nyuma kuna baa, Ijumaa hulali." Lakini kumbuka anayempa riziki ni siku utakayolipa. Siku utakayojuta haimhusu. Hela ya kuonyeshwa nyumba kubaliana naye kabla ya kuondoka kijiweni, siyo mkishafika. Na hela ya "kushikia chumba" kwa simu, kwa picha za WhatsApp, usitume, hata akikuapia kwa jina la mama yake.

Kama una ndugu Dar, kaa kwake wiki mbili hata kama ni mbali kama Chanika na sofa ni fupi. Kama huna, lala gesti ya mtaa unaoutaka, siku tatu, mojawapo iwe Ijumaa. Hela hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya miezi sita. Na ukishapenda, omba miezi mitatu. Chumba kilichokaa kitupu muda mrefu, mwenyewe anakubali, ila atakunja uso kwanza.

Kitu cha mwisho nilikikuta Goba, nikiwa nimeshajiona mtaalamu. Nyumba nzuri, luku yake, mkataba umeandikwa, tumesaini. Usiku wa kwanza nikanunua umeme wa elfu kumi. Zikaingia uniti za kama elfu mbili na mia tano. Nikadhani mtandao umekosea, nikaisoma ile meseji mara tatu. Kumbe kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na nyumba ilikuwa imekaa tupu miezi mitano bila mtu kununua umeme. Deni lote likanisubiri mimi. Nikampigia mwenye nyumba, mzee mstaarabu, nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "hiyo elfu saba na mia tano ipunguze kwenye kodi ijayo. Mpangaji aliyepita tuligombana kwa hilo hilo."

Yaani alikuwa anajua.