Ribiti iliyolala upande: niitoe au niiache?

SWALI: Najenga RV-7, ndege ndogo ya kujiundia ya kampuni ya Van's Aircraft, kwenye hanga la kukodi hapa Texas, na bado niko kwenye mkia. Ribiti (pini za kuunganishia bati) kadhaa za inchi 1/8 kwenye mhimili wa nyuma zimelala upande nilipozigonga. Nilijaribu kutoa moja, drili ikateleza, tundu likawa umbo la yai. Je, nizitoe zote zilizobaki?

JIBU: Usiguse nyingine mpaka uzipime, ndugu yangu. Ribiti yenye sura mbaya mara nyingi hubeba mzigo wake vizuri, ila tundu lililopanuka halirudi.

Chukua venia, kifaa cha kupimia unene. Kichwa kinachojitengeneza ukigonga kinatakiwa kiwe na upana wa mara 1.5 ya unene wa shina, na kimo cha nusu ya unene huo. Kwa ribiti yako ya milimita 3.2, huo ni upana wa 4.8 na kimo cha 1.6. Kiwango cha chini kinachokubalika kinapatikana kwenye mwongozo wa ujenzi. Kichwa kikiwa kimeegemea kidogo lakini kimefunika tundu lote, hakina ufa, na kile cha upande wa pili, kilichotoka kiwandani, kimegusa bati kuzunguka kote, iache. Itoe kama ukingo wa tundu unaonekana, au kama bati mbili zimeachana na shina likavimba katikati yake. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana kwa juu inapendeza kabisa.

Sasa namna ya kutoa. Angalia kichwa cha kiwandani cha ribiti za AD (herufi za aina ya aloi yake): katikati pana kishimo kidogo. Ni alama ya aloi ya alumini ya 2117, na kinafaa sana kuongoza drili. Kiongeze kina kidogo kwa panchi, kisha zungusha ncha ya drili namba 40, ile nyembamba, kwa vidole mpaka ikae sawasawa, ndipo uwashe drili. Toboa kina cha kichwa tu, ufuate na namba 30, iliyo nene zaidi, kwa kina kilekile. Ingiza panchi nyembamba, isukume kando, kichwa kikatike. Shina usiligonge bila kukinga bati kwa nyuma, litapinda. Likigoma, toboa katikati yake kwa namba 40. Litalegea na utalivuta kwa koleo.

Tundu la yai linaweza kuokolewa kwa ribiti nene zaidi, ya inchi 5/32, lakini pima kwanza kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati. Kunatakiwa mara mbili ya unene wa ribiti: milimita 6.4 zilikutosha mwanzo, sasa unahitaji 8. Kama nafasi haipo, usitoboe. Piga picha yenye rula ndani yake uwaandikie mafundi wa Van's Aircraft. EAA, chama cha wanaojiundia ndege, nayo ina washauri wa ufundi wanaojitolea kuja hangani kukagua. Mwite mmoja kabla hujafunga bati la juu, wakati mhimili bado unaonekana.

Kuhusu kulala kwenyewe: kabla ya kugonga, shina lichomoze milimita 4.8 hivi. Likizidi, huyumba. Na zikilala zote upande mmoja, basi chuma unachokingia nyuma kimeinama. Badili unaposimama, ujaribu kwenye vipande chakavu mpaka zisimame wima, ndipo urudi kwenye mhimili.