Kabla hujauliza bei ya kazi ya mkataba, uliza haya

Vijana wanaotoka kwenye ajira na kuingia kwenye kazi za mkataba za TEHAMA hapa Dar huniuliza swali lile lile: nidai shilingi ngapi kwa siku? Bei ina nafasi yake na nitaigusa. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi hizi, walioumia zaidi ni wale waliokubaliana bei nzuri bila kujua pesa inatoka kwa nani, inatoka lini, na kazi inahesabika imekwisha wakati gani.

Anza na mwenye pesa. Kazi nyingi hapa mjini hazikujii kutoka kwa mteja mwenyewe. Taasisi inatangaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, kampuni inashinda, halafu haina mtu wa kuifanya kazi yenyewe. Ndipo simu inapoita: "Kaka, una nafasi wiki hii? Kuna mfumo wa kuunganisha na GePG, kazi ndogo tu." GePG ni mfumo wa serikali wa kupokea malipo kwa njia ya mtandao. Hapo wewe ni mkono wa tatu, pengine wa nne, maana aliyekupigia naye kapewa na mwingine. Si vibaya kufanya kazi chini ya mtu. Ila una haki ya kuuliza mteja wa mwisho ni nani, LPO, yaani hati rasmi ya mteja ya kuagiza kazi, imeshatoka au bado, na kati yako na mwenye pesa wamesimama wangapi. Mtu akianza kukuzungusha kwenye swali la LPO, mara nyingi LPO haipo.

Angalia pia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaishia Juni 30. Kuanzia Aprili simu zinaita, kila idara inataka kutumia fungu lake lisirudi. Ikifika Julai panakauka. Kazi uliyoimaliza mwishoni mwa Juni huku makaratasi yake hayajakamilika inaweza kungoja bajeti mpya, kwa hiyo ukichukua kazi ya Mei, fuatilia ankara kwa bidii ile ile unayofuatilia mfumo.

Sasa mkataba wenyewe. Kuna kifungu utakachokutana nacho mara nyingi: "Malipo yatafanyika ndani ya siku 30 baada ya Mteja kuilipa Kampuni." Kisome tena polepole. Hizo siku 30 hazihesabiwi tangu ulipokabidhi kazi. Zinaanza siku usiyoijua, na anayeiamua ni mtu ambaye huna mkataba naye. Kampuni moja iliniletea kifungu hicho, nikawarudishia pendekezo langu: asilimia 40 wakati wa kusaini, 40 mfumo ukipita majaribio, na 20 iliyobaki ndiyo ingoje mteja wao, lakini isizidi siku 60 tangu makabidhiano. Walinung'unika, kisha wakasaini, kwa sababu tarehe ya kukabidhi ilikuwa inawakimbiza na hawakuwa na mtu mwingine. Jadiliana kabla hujasaini na kabla hujapewa nywila ya seva. Ukishaanza kazi, mwenye haraka unabaki wewe peke yako, ya kulipwa.

Kifungu cha pili cha kukikazia macho ni cha kukamilika kwa kazi. Nichukue hiyo hiyo GePG. Kuandika msimbo wa kuomba namba ya malipo na kupokea taarifa za malipo si kazi ya kukukesha wiki nyingi. Kinachokula muda ni kungoja: vyeti vya kidijitali, njia ya mtandao kati ya seva mbili, ruhusa ya kuingia mazingira ya majaribio, afisa ambaye yuko safarini Dodoma. Ukiandika "siku 15 tangu kusaini", utazimaliza zote bila kugusa kitu, na kosa litahesabika lako. Andika siku zako zianze kuhesabiwa pale utakapopewa kila unachohitaji, na vitaje kimoja kimoja. Halafu ongeza kwamba mteja akikaa siku 10 za kazi bila kutoa maoni ya maandishi, mfumo unahesabika umepokelewa. Sentensi hiyo inazuia majaribio yasiyo na mwisho.

Kwenye bei, usigawanye mshahara wako wa zamani kwa siku 22. Mwajiriwa ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, ana ruhusa ya ugonjwa, na michango yake ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo walau nusu yake anabeba mwajiri. Ukiwa na mkataba wa huduma, vyote hivyo unavilipa mwenyewe, pamoja na miezi isiyo na kazi. Halafu kuna kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo anayekulipa anaikata kabla pesa haijakufikia. Ankara ya shilingi 4,000,000 itakuletea 3,800,000 benki. Ile 200,000 ni kodi yako uliyokwisha kulipa, ilimradi una cheti cha zuio cha kuonyesha TRA wakati wa hesabu za mwaka. Dai cheti kwa kila malipo. Wahasibu husahau, na usipokidai utalipa mara mbili.

La mwisho, na hili linaniuma kweli: wapo vijana wanaoitwa "washauri" lakini wanafika ofisini saa mbili asubuhi, wanaomba ruhusa ya kwenda msibani, wanatumia kompyuta ya kampuni na hawana mteja mwingine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu wa namna hiyo anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba umpe jina gani. Miongoni mwa vigezo vyake ni kumfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Ukiachishwa ghafla, unaweza kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, ila shauri la kuachishwa kazi linatakiwa kufunguliwa ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya 60. Kwa hiyo zile barua pepe za kukupangia zamu, na ujumbe wa WhatsApp wa bosi kukuuliza mbona umechelewa, vihifadhi kwenye simu yako mwenyewe. Kompyuta ya ofisi utaiacha mapokezi siku hiyo hiyo.