Usimwambie asahau

Tarehe 4 Desemba 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado inapamba moto, Kapteni William Rivers, daktari wa jeshi la Uingereza, alisimama mbele ya madaktari wenzake jijini London akawaambia kwamba dawa wanayowapa askari wengi ndiyo inayowamaliza. Dawa yenyewe haikuwa kidonge. Ilikuwa ni kauli: usiyafikirie hayo, waza mambo mazuri, sahau.

Kauli hiyo naijua. Mjomba wangu alikwenda Vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi 1979 bila kovu hata moja. Kila aliyemkuta amezubaa alimwambia, "Achana na hayo bwana, mshukuru Mungu umerudi mzima." Mchana alikuwa mcheshi kuliko wote pale nyumbani. Usiku alipiga mayowe, na asubuhi mkewe alianika mashuka yaliyolowa jasho, kimya kimya, kabla majirani hawajaamka. Rivers aliwaona wengi wa namna hiyo: mtu anapambana na kumbukumbu kutwa nzima, akilala tu zinamvamia zote kwa pamoja.

Rivers alizaliwa Kent mwaka 1864. Alikuwa na kigugumizi maisha yake yote, ingawa baba yake alikuwa mtaalamu wa kutibu kigugumizi (maskini mzee!). Kabla ya vita alishajijengea jina kwa kazi nyingine kabisa. Mwaka 1898 alikwenda visiwa vya Mlango wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, akaanza kuwauliza watu koo zao: baba yako nani, mama yako nani, wamezaa nani. Sisi tuliokulia kwenye kuulizana ukoo kabla hata ya chai kupoa tungemwona mtu wa kawaida tu. Nadhani lakini ndipo alipopata ule uvumilivu wa kukaa na mtu mpaka aongee.

Alihitaji uvumilivu huo katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, Uskoti, iliyotibu maofisa wa jeshi waliovurugwa akili na vita. Enzi hizo mtetemeko na jinamizi vilitosha kumfanya mtu aitwe mwoga, na woga ulikuwa kosa la kupigwa risasi. Mwaka 2006 ndipo serikali ya Uingereza ilipowasamehe askari 306 waliouawa na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama hayo.

Kati ya wagonjwa wake, wawili nawakumbuka zaidi. Mmoja alikuwa ametoka kumtafuta rafiki yake, akamkuta kombora limemrarua, kichwa na viungo vimetengana na kiwiliwili. Kila usiku maiti ile ilimjia ndotoni. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba mwili ulioharibika kiasi kile ni ushahidi kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, hakuteseka. Yule ofisa akalishika hilo. Ndoto iliporudi baadaye, alikuwa akizungumza na rafiki yake.

Wa pili alirushwa na mlipuko akaangukia uso kwenye tumbo la maiti iliyokwisha kuoza, likapasuka. Rivers alitafuta upande wa kushika katika tukio lile, hakuupata, na hakujisingizia kwamba ameupata. Ofisa huyo aliondoka jeshini, akaenda kuishi shamba. Ninampendea Rivers hapo hasa, maana wengi wetu tungelazimisha faraja.

Kwa mjomba nilianza na majina, mchana, tukipalilia migomba. Handaki ulikaa na nani? Wa wapi huyo? Akaanza kumtaja kijana wa Singida aliyekuwa akificha sukari kwenye soksi, akicheka, kabla hajafika siku kijana huyo alipouawa. Ukijaribu, chagua kazi ya mikono, msitazamane usoni. Akinyamaza, endelea kupalilia. Lipo jambo la njiani kuelekea Kampala ambalo hajawahi kulisema nami siulizi. Kukataza kusema ni kosa, na kumchokonoa mtu kila siku ni kosa vilevile.

Rivers naye alikuwa na kasoro ya cheo chake. Mwajiri wake alikuwa jeshi, kwa hiyo kupona maana yake ilikuwa kurudi vitani. Siegfried Sassoon, mshairi na ofisa aliyetangaza hadharani mwaka 1917 kwamba vita vinarefushwa kwa makusudi, alipelekwa kwake, na baada ya miezi ya mazungumzo akarudi mstari wa mbele. Alinusurika, lakini ingeweza kuwa vingine. Hata majumbani tunafanya hivyo: tunataka apone haraka ili mshahara urudi, ada ilipwe. Mgonjwa ananusa haraka hiyo. Anayemsikiliza na awe mtu asiye na cha kudai kwake.

Rivers alifariki 1922, akiwa na umri wa miaka 58. Tangu hapo matibabu yamesonga mbele sana, kwa hiyo usijifanye daktari. Mtu wako akianza kunywa ili apate usingizi, akiwapiga watoto, au akizungumzia kufa, mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili. Na mkifika, msiishie kusema "halali vizuri". Semeni alikuwa vitani na anaota nini, la sivyo mtarudi na dawa za usingizi tu.